Arusi Yangu Mbele ya Hoteli

Kabla sijaolewa, mbele ya hoteli kubwa ya Tororo, mji wetu wa mpakani, palikuwa na uwanja wa kila mtu. Waliosubiri treni walilala hapo na mizigo yao, wanawake walisukana nywele, na kila Jumamosi arusi zilizotoka kanisani zilisimama hapo zikacheza mpaka vumbi likafika magotini. Mtu akiolewa mjini bila kucheza pale, mashangazi walisema ameolewa kwa siri.

Baada ya Uhuru wageni wakazidi. Walikuja kwa mabasi madogo kutoka Nairobi, wakielekea kwenye mbuga za magharibi, wakashuka hotelini kula chakula cha mchana na kulipiga picha lile jabali letu linalosimama juu ya mji. Baraza la mji likaona fahari. Wakapanda maua uwanjani, wakaweka mabenchi meupe, wakazungushia seng'enge, na mlangoni wakamweka askari mwenye filimbi. Waliosubiri treni wakahamia kando ya reli. Wasusi wakaenda nyuma ya soko, penye maji machafu. Arusi zikawa zinapita barabarani mbio mbio kama watu wanaokimbia mvua.

Mimi nilichumbiwa na kijana wa Busia, fundi wa kiwanda cha saruji. Tulipotoka kanisani siku yetu, jua lilikuwa la utosi na watu walikuwa wengi: Wasamia wa kwao, Wapadhola wa kwetu, na majirani Wateso na akogo zao, vile vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetangulia. Alikuwa mjane mrefu, mkulima wa pamba huko Sop Sop, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde. Tulipofika hotelini hakufuata barabara. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Mama, hapa hapana pita," askari alisema. "Hii ni ya wageni."

"Vizuri. Huyu unamwona?" Shangazi alinishika bega. "Leo ametoka kwa baba yake, na kwa mumewe hajafika. Kuna mgeni kumshinda huyu?"

Askari akatupa jicho barazani pa hoteli, ambako wazungu walikuwa wameacha vijiko vyao wakitutazama. "Nitafukuzwa kazi, mama."

"Basi usitufungulie. Sogea tu, tutajifungulia."

Watu wakacheka, naye akacheka, na katika kucheka akawa amesogea. Mume wangu akavuta komeo. Nikaingia kichwa juu, sina haraka.

"Maua hayakanyagwi!" Shangazi alitangaza. "Atakayekanyaga ua leo hali nyama!"

Tukacheza kwenye vijia vya kokoto. Wazee wetu wakakalia mabenchi meupe kana kwamba yalichongwa kwa ajili yao. Wageni wakashuka na kamera, na hakuna ua lililovunjika.

Ndipo meneja wa hoteli akaja akitoka jasho. Nilidhani ametuitia polisi, kumbe amefurahi. Alimwambia mume wangu kwamba wageni wamependa sana, kwa hiyo tuje kila Jumamosi, hoteli itatupa chakula.

"Kila Jumamosi nimwoe nani?" mume wangu akauliza.

"Huyu huyu. Ni kuigiza tu."

Kwetu bibi arusi hutakiwa kunyamaza, lakini nilimjibu mwenyewe. "Bwana, mimi naolewa mara moja. Ila usifunge mlango. Jumamosi ijayo kuna mwenzangu anaolewa kweli, na wageni wako watamwona."

Shangazi akanifinya mkono. Hata leo sijui kama alinikemea au alinisifu.

Jumamosi iliyofuata alipita bibi arusi wa Malaba, kisha wengine. Baraza la mji likatoa amri mlango ufunguliwe siku za arusi. Baadaye amri ikasahauliwa na mlango ukabaki wazi siku zote. Wasusi wakarudi, wakakalia mabenchi. Waliosubiri treni hawakurudi, kwani pa kujinyoosha na mizigo hapakuwapo tena.

Na nitasema hili pia: arusi zilizokuja baada yetu zilianza kucheza zikielekea baraza la hoteli, kwenye kamera, zikiwapa wakwe mgongo. Shangazi alipoalikwa alikuwa akiwashika wachezaji mabega, mmoja mmoja, na kuwageuza.

"Mkweo yuko huku, mwanangu. Cheza huku."