Tanuri la Mama Pale Failaka

Mimi ni mdogo wake Duaij, na nasema mapema: naandika haya nikiwa na hasira. Anayetaka maneno ya upole akasome vibao vya watalii.

Kaka yangu ni mlinzi wa magofu ya kisiwa cha Failaka. Miaka kumi na moja amekuwa akivuka kwa boti na birika lake la chai, kwenda kulinda kanisa la watawa wa kale na nyumba za Waislamu wa mwanzo waliojenga jirani nao. Ukikanyaga ukuta wa mtawa, anakupigia filimbi mpaka masikio yazibe. Nyumba tulimozaliwa iko hatua sitini kutoka hapo. Haina paa, kuta zina matundu ya risasi, na haina mlinzi. Mwaka wa tisini askari wa Iraki walitutoa kisiwani sote, tukabeba watoto na nguo. Vita vilipokwisha, maisha yetu yakahamia ng'ambo, mjini, na huko ndiko tulikozeekea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuja na jembe lao kabisa. Mkuu wao, Daktari Renata, ni mama mwenye adabu, simsingizii. Lakini jiko la kale la nyumba zile za Waislamu wa mwanzo hakuliona yeye. Alionyeshwa na Duaij.

"Chimba kusini mwa ua," alimwambia. "Upepo wetu unatoka kaskazini. Awe mwanamke wa zamani, awe wa jana, nani anataka moshi uingie chumbani?"

Wakachimba kusini, wakalikuta tanuri la udongo na majivu yake ndani. Wakalifuta kwa brashi siku tisa, wakalichora, wakalipa namba. Duaij alinipigia simu anacheka kama mtu aliyepata mjukuu.

Msimu huu wakasogea upande wetu. Asubuhi moja kaka akakuta katapila limeegeshwa uani kwa mama, na Fawaz, mhandisi wa ofisi ya mambo ya kale, amesimama na karatasi.

"Hizi takataka za juu zinatoka leo," alisema Fawaz, "tufikie tabaka la maana."

"Takataka zipi?"

"Hizi kuta, Baba Mishari," alisema, akimwita kaka kwa jina la mwanawe. "Na kile kitanuri."

"Kitanuri hicho ni cha mama yangu. Kichoreni kama mlivyochora lile."

"Mzee wangu, lile lina miaka elfu na ushee. Hili lina sitini. Sheria haiangalii machozi."

"Kwa hiyo kosa la mama ni kuchelewa kuzaliwa?"

Fawaz alifungua faili la fomu ambazo mlinzi hujaza kila siku. Kipengele cha nne kinauliza: wakazi wa eneo. Miaka kumi na moja kaka yangu ameandika, kwa mwandiko wake mzuri: Hakuna.

"Umeandika mwenyewe," Fawaz alisema. "Sasa mimi nibishane na nani?"

Duaij aliponisimulia, nilitamani kumzaba mtu kibao, na sikujua kama ni Fawaz au kaka yangu. Mjinga wa watu, alidhani anajaza fomu. Kumbe alikuwa akitufuta, kila siku, na kutia sahihi.

Kaka akachukua mwiko wa wachimbuaji na brashi, akapiga magoti mbele ya tanuri, akaanza kulichimbua peke yake. Fawaz alimwamuru dereva awashe katapila. Dereva, Mmisri aitwaye Saber, alishuka akawasha sigara.

"Washa wewe, bwana mkubwa," alisema. "Mimi nina mama."

Daktari Renata alitazama kidogo, kisha akaleta chekeche na karatasi, akakaa chini kuchora bila kuulizwa. Alasiri, chini ya majivu, wakaikuta mikate. Minne, myeusi ti. Mama alikuwa ameibandika asubuhi ile askari walipogonga geti. Kila mmoja ulikuwa na vishimo vitatu katikati, na Duaij alivijua: mama hubonyeza mkate kwa vidole vitatu, hadi leo.

Fawaz akaja mbio na mfuko wa nailoni.

"Mashallah! Usiguse, Baba Mishari! Hii sasa ni mali ya taifa."

"Asubuhi ilikuwa takataka."

"Asubuhi hatukujua kuna nini."

"Mimi nilijua. Kuna mama yangu. Yuko hai, Fawaz, ana miaka themanini na sita, anakaa ghorofa ya tatu, na kifungua kinywa cha siku ile hajakila bado."

Alivua kilemba chake, akaifunga mikate yote minne, akapanda boti ya jioni kichwa wazi mbele za watu, yeye ambaye hata sisi dada zake hatumwoni bila kilemba.

Ofisi imemfukuza kazi na kumshtaki kwa wizi wa mambo ya kale. Kesi ni mwezi ujao. Nitakwenda, na mama naye anakwenda, hata kama ni kubebwa ngazi zote zile. Anataka hakimu amuulize yeye mikate ile alikuwa akimpikia nani.