Senti Hamsini Iliyopelekwa Kupimwa

Mpaka leo sijaelewa vizuri, na si kwamba sikueleweshwa. Kuna watu duniani wanaolipa pesa ya maana ili waambiwe hali ya pesa isiyonunua hata pipi. Nimekaa dukani maisha yangu yote, najua kununua na najua kuuza, lakini hili lilinishinda.

Aliyenitia kwenye mkanganyiko huo alikuwa kijana wa Ulaya, mwalimu wa kujitolea wa hesabu katika sekondari moja huko mlimani kwetu. Kila Jumamosi alishuka Same kununua vitu dukani kwangu. Mambo yalikuwa yameshakuwa ruksa. Nilikuwa na sabuni za kila rangi, biskuti za nje, na magunia ya sukari yamesimama ukutani kana kwamba hayajawahi kukosekana. Senti tulishazisahau, watoto walizichezea barabarani. Siku moja akaniuliza kama ninazo za zamani. Nikamwambia mama yangu hatupi kitu.

Mama akashuka mlimani na kopo zima. Alikuwa amezisugua zote kwa majivu na limau mpaka zikang'aa kama masufuria ya harusi, maana kwetu mgeni hapewi kitu kichafu.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

"Marahaba mwanangu. Pokea."

Akachungulia kopo, akanywea. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akatuambia kwamba sarafu ikishasuguliwa imekwisha, wakusanyaji hawaitaki tena, mikwaruzo wanaiona. Mama akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Usafi umekuwa kosa tangu lini?

"Hakuna hata moja ambayo haijaguswa?" mwalimu akauliza.

Mama akafunika kopo lake. "Zipo," akasema.

Nilijua anazozisema. Miaka ile ya foleni, kitindamimba wetu alishikwa na kuharisha. Nesi wa zahanati akasema apewe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. Chumvi tulikuwa nayo. Baba alikuwa ametoka kupokea malipo ya kahawa, na humo mlikuwa na sarafu mpya kabisa, zimetoka benki hazijashikwashikwa. Mama akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniachia mtoto, akateremka Same. Rafu za duka la ushirika zilikuwa tupu. Mtu akamwambia huenda Makanya imeshushwa sukari, akadandia lori mpaka Makanya. Hapakuwa na sukari. Aliporudi mtoto alikuwa hata kulia hawezi tena, na kabla jua halijachomoza akatutoka.

Kanga ile mama aliivua, akaikunja na fundo lake, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Hakuivaa tena. Picha ya mdogo wangu hatukuwa nayo, nguo zake walirithi watoto wa shangazi. Kilichobaki ni lile fundo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, mama alipokuja na kanga ile kwapani na kuifungua mbele ya mwalimu, nilikasirika. Nilitaka kumfukuza kijana wa watu dukani. Yeye hakujua lolote. Alizigeuza sarafu kwa ncha za vidole, akaishia kwenye senti hamsini yenye sungura, akahema. Akasema angependa kuituma ng'ambo kwa wataalamu wakaipime, ada atalipa yeye.

"Iende," mama akasema, "lakini irudi."

Baadaye nilimuuliza kwa nini. "Nataka kujua wanaona nini humo," akanijibu.

Miezi ile ya kusubiri niliishi kwa wasiwasi. Kila mwalimu alipoingia dukani nilitazama mikono yake kabla ya uso. Barua zetu zenyewe za kwenda Dar es Salaam zilikuwa zinapotea, sembuse senti hamsini inayovuka bahari! Ikipotea, ningemwambia nini mama? Naye mwalimu, kunipoza, alinieleza. Sarafu kama ile zilitengenezwa nyingi sana, akasema, ndiyo maana hazina thamani. Lakini kila mtu alizitumia, zikachakaa, na zilizobaki kama siku zilipozaliwa ni za kutafuta kwa tochi. Sasa kila muuzaji hudai yake haijaguswa. Hapo nilimwelewa, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana wanamlipa mtu wa pembeni aseme ukweli kama imewahi kutumika au la, aipe maksi, kisha aifungie ndani ya plastiki isibadilishwe.

"Maksi ngapi juu ya mia?"

"Juu ya sabini."

"Kwa nini sabini?"

Akaanza kunieleza, akapotea njiani, nami nikampimia mchele wake. Nilipouliza ada ni kiasi gani, akataja, nikapiga hesabu kimoyomoyo na kutazama magunia yangu. Ilitosha kununua gunia zima la sukari na chenji ikabaki. Nilimwona mtu mwema mwenye wazimu kidogo, na wakati huohuo nilianza kujiona mimi ndiye mjinga. Wataalamu wenye miwani mezani, wanaichunguza senti hamsini ya Tanzania chini ya taa! Sikujua nicheke au nitukane.

Ikarudi. Tulipanda wote wawili mpaka kwa mama, mwalimu akitabasamu njia nzima. Maksi zilikuwa za juu. Akamkabidhi kwa mikono miwili, sungura yuko ndani ya kijisanduku cha plastiki, karatasi ya maandishi juu yake. Akasema yuko tayari kuinunua, akataja bei iliyonifanya nikae chini. Akaongeza kwamba plastiki isifunguliwe, ikifunguliwa maksi zote zinakufa.

Mama alijaribu kuirudisha kwenye pindo la kanga. Plastiki ilikuwa kubwa, fundo likakataa kukaza. Akaacha. Akaniuliza kwa Kipare, ambacho mwalimu hakukijua, "Hapo juu wameandika nini?"

Nikaisoma tena. Sikupata njia ya kulipamba. "Wameandika kwamba haijawahi kununua kitu."

"Ndicho walicholipwa waseme?"

"Ndicho hicho, mama."

Aliifuta plastiki kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

"Wangeniuliza mimi," akasema, "ningewaambia bure."

Mwalimu alikuwa bado anatabasamu. Akaniuliza mama kasemaje. Nikamwambia anasema haiuzwi.