Mkono wa Mwalimu Esnath

Ukikutana na mtu mzima wa Lufingo mwenye mwandiko wa kupendeza, muulize alianza kwa nani. Atakuambia kwa Mwalimu Esnath. Miaka ishirini na tisa aliwashika mikono watoto wa Darasa la Kwanza, akiwaonyesha penseli inaanzia wapi na inaishia wapi. Kadi za harusi na majina ya misalaba ya makaburini vililetwa kwake aviandike yeye. Na tuseme ukweli, alijivuna kidogo.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Aliwahi shuleni ukungu ungali chini, akaegemeza kiwiko ubaoni na kuandika polepole kabla watoto hawajaingia. Herufi zilipoyumba, alisingizia chaki, eti imenyonya unyevu. Kwa mvua hizi za Rungwe, nani angebisha? Alichoogopa ni kimoja tu, kuondolewa Darasa la Kwanza.

Jumanne moja akaja mthibiti ubora wa shule, Bwana Ackson. Aliingia darasani na Mwalimu Mkuu Wilson, akafungua daftari la kwanza, la pili, la kumi. Herufi zote zilikuwa na mawimbi yaleyale.

"Mwalimu, madaftari haya kayaandika mtu mmoja?"

"Wameandika wenyewe," alisema Esnath.

Ackson akamwita Neema, binti wa miaka saba, aandike "mama" ubaoni. Neema alishika chaki vizuri, na kila alipofika penye kona akautikisa mkono kidogo, makusudi kabisa, kwa uangalifu mkubwa.

Mwalimu Mkuu akasimama. "We mtoto, unamwigiza mwalimu wako? Unamcheka mtu mzima mbele ya mgeni?"

Huku kwetu kumcheka mtu mzima si jambo dogo. Neema alianza kulia, hajui kakosa nini. Wilson akanyoosha mkono kuchukua fimbo juu ya kabati.

Esnath angeweza kunyamaza. Mtoto angechapwa viboko viwili, mgeni angeondoka, na darasa lingebaki lake. Wazo hilo lilimpitia, na alijichukia kwa kuliwaza.

"Mwache, Mwalimu," alisema. Akachukua chaki, akaandika "mama" chini ya ile ya Neema, mbele ya wote, bila kuegemea popote. Maneno yale mawili yalitetemeka sawasawa. "Hajamcheka mtu. Amefuata nilivyomfundisha. Mkono mbovu ni wangu."

Ackson alifunga daftari. "Pole, Mama. Umekwenda hospitali?"

Hakuwa amekwenda.

"Basi nenda. Na darasa hili, kuanzia kesho, apewe mwingine."

Esnath aliomba jambo moja tu, akae nao siku ya kwanza ili wasimwogope mwalimu mgeni. Kwa hiyo kesho yake alikuwa kwenye dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao, wakati mwalimu kijana Andongwisye akiandika ubaoni herufi zilizonyooka. Watoto arobaini na sita hawakuandika. Waligeuka wote kumtazama Esnath, na Neema akauliza kwa niaba yao, "Mwalimu, mwandiko mzuri ni upi?"

"Huo wa ubaoni," alisema, na kusema hivyo kulimuuma kuliko kuondolewa. "Fuateni huo."

Wakainama, wakaanza kufuta herufi zao za mawimbi.