Maharage ya Mama Nyuma ya Kufuli

Mama alipopata kiharusi, ulimi wake ulinyamaza, na maharage yetu yakaanza kuliwa na fukusi. Yeye ndiye aliyejua kuyahifadhi kwa majivu na majani makavu, kama walivyofanya bibi zake kule Kivu ya Kusini. Mimi nilijua kuyala tu.

Bahati nzuri, elimu ilishapita kwetu. Mwalimu mmoja wa chuo cha Mbarara aliwahi kuja Nakivale, kambini kwetu wakimbizi huku Uganda, akakaa kwenye mkeka wetu, akamrekodi mama kutwa nzima, akamwachia mche wa sabuni. Basi, nikatafuta andiko lake kwenye simu. Nikalipata! Kichwa kirefu, jina la mwalimu, jina la jarida lililolichapa, halafu kufuli: lipa dola kwanza. Ajabu ya Mungu! Maneno yametoka kinywani mwa mama bure, kuyarudisha nyumbani ni kwa dola. Roho iliniuma, sifichi.

Nikafunga safari mpaka Mbarara. Mwalimu akanipokea vizuri, akabonyeza kompyuta yake, akakuna kichwa.

"Nyabo, dada yangu, hata mimi siwezi fungua. Chuo haijalipia hii jarida."

Yesu wangu! Mwandishi mwenyewe kafungiwa nje!

"Na ile uliandika wewe, mbele ya kuwatumia watu wa jarida, iko fasi gani?" nikamuuliza.

"Iko hapa. Lakini nikikupa, watanifunga."

Maskini, msomi mzima anaogopa karatasi zake.

Tukashuka maktaba. Mama wa maktaba akacheka mpaka akavua miwani. Akamsomea mwalimu mkataba wake na jarida, ambao mwenyewe aliutia sahihi bila kuusoma: nakala yake ya mwisho, kabla jarida halijaipamba, anaruhusiwa kuiweka kwenye hazina ya chuo mtandaoni, kila mtu asome bure. Kumbe ruhusa alikuwa nayo siku zote! Akaiweka palepale mbele yangu, jasho likimtoka, utadhani anaiba kuku.

Niliporudi nilimsomea mama, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu. Majivu kiasi gani, majani gani, yakaushwe vipi. Majirani walijaa mlangoni, kila mmoja na maharage yake yaliyotobolewa. Kisha nikafika pale mwalimu alipoandika maneno ya mama mwenyewe, kama alivyoyatamka, nikayasoma kwa sauti.

"Hii dawa haiko ya kuuzisha. Mutu akikuja kuuliza, mumupatie."

Mama akanitazama, mdomo umepinda upande mmoja, akacheka.