Siku Mama Aliposhika Pedale

Kable ya ambreyaje, waya wa klachi, ilikatika asubuhi ile ile ambayo mume wangu alitaka kunipeleka Bujumbura kuzaa. Gari letu lilikuwa lile dogo lenye mgongo wa kobe, moteri, yaani injini, iko nyuma. Mzungu mmoja alituachia alipokimbia wakati wa uhuru, bila hata kufunga mlango. Mume wangu alilipangusa kila Jumapili kabla ya misa. Mimi hajawahi kunipangusia hata kiatu.

Waasi walikuwa wameshuka bonde la Ruzizi. Wauguzi wa Uvira walikuwa wamekimbilia milimani, na hata kabla ya vita mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa kukosa mkunga. Huyu wa pili sikutaka kumzalia jikoni. Ilibidi tuvuke siku hiyo, maana watu walisema bariere, kizuizi cha mpakani, itafungwa.

Mume wangu alikwenda Kalundu, akachomoa kable kwenye gari la aina hiyo hiyo lililotupwa karibu na bandari. Grisi hatukuwa nayo. Akaipaka mawese yangu, yale niliyoyaweka kwa ajili ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, nami nikamwacha apake, jambo ambalo si desturi yangu.

Kable ile inapita chini ya sakafu ya gari. Kichwa chake kinaning'inia kwenye ndoana ya pedale, mbele, na mkia unafungwa kwa nati nyuma, chini ya moteri. Pedale ikilegea kidogo, kichwa kinachomoka na kazi inaanza upya. Kwa hiyo mmoja analala chini na mwingine anashika pedale kwa mkono. Majirani wote walikuwa wamekimbia. Nikajaribu mimi. Tumbo likakwama kwenye usukani, mume wangu akanivuta kwapani kama anang'oa muhogo.

Akabaki mama yangu. Alikuwa amekimbia vita kutoka Lubarika, akawa analala jikoni, kwa sababu kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mukwe wake, mume wa binti yake. Hawaangaliani, hawaongei, hawali pamoja. Akimwona mukwe njiani, mama anajificha ndani ya mihogo, na kwa mwili aliokuwa nao, mihogo ndiyo iliyoumia.

"Mama, uingie mu gari."

"Gari ya mukwe? Na yeye akiwa mule?"

"Yeye iko chini ya gari."

"Chini ni mubaya zaidi. Ataona miguu yangu."

Lakini alinitazama tumbo, akajifunika kitenge kichwani, akaingia. Mume wangu alikuwa amekwisha kulala chini ya gari, viatu tu vinaonekana. Mimi nikasimama nje kupeleka maneno.

"Umuambie mama avute pedale, asiache."

"Mama, anasema uvute."

"Umuambie nimevuta. Umuambie na yeye afanye haraka, mugongo wangu si wa chuma."

"Anasema amevuta."

"Nimesikia."

"Kama unasikia, miye nasimama hapa ya nini?" nikamuuliza.

Wote wawili waliona nimekosa adabu.

Kichwa kikachomoka. Tukaanza upya, kikachomoka tena.

"Umuambie mama anaachia."

"Umuambie mukwe anavuta kama muntu anakokota ng'ombe."

Ndipo uchungu ukanishika. Nikainamia gari, sauti haikutoka.

"Anasema nini?" mume wangu akauliza kutoka chini.

"Huko chini anasema nini?" mama akauliza kutoka juu.

Sikupeleka kitu, nikaguna tu. Mama alizaa mara nyingi, aliujua mguno ule. Akainamisha kichwa, akaiambia sakafu:

"Weye mukwe. Nimeshika. Ufunge nati, mutoto anakuja."

Spana ikamwanguka mume wangu. Kisha, kutoka chini: "Ndiyo, mama."

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Weye mwanaume gani? Sasa nikanyage?"

"Kanyaga, mama."

Akakanyaga kama anaua nyoka. Pedale ikarudi yenyewe, imepona.

Tukaondoka, mimi nimelala kwenye mapaja ya mama, kiti cha nyuma. Mume wangu aliogopa kukanyaga ambreyaje, akaenda na vitesi moja, gia ya kwanza, njia nzima, gari linalia kuliko mimi. Kwenye bariere mwanajeshi akainua mkono. Sasa ilibidi akanyage. Akakanyaga, tukasimama.

"Munabeba nini? Inanuka mawese," mwanajeshi akasema.

"Tunabeba mutoto," mama akamjibu ndani ya kitenge. "Unataka kumuzalisha weye?"

Mwanajeshi akanitazama, akakimbilia mti wa bariere kuuinua.

"Achia polepole," mama akamwambia mukwe wake. "Hii ni tumbo ya mutoto yangu, si gunia ya mihogo."

Akaachia polepole. Kable ikashika.

Bujumbura, kwenye hospitali ya masista, nilizaa kabla hawajamaliza kunivua viatu. Mtoto akalia, nami nikalia. Mama akatoka nje, kitenge sasa kiko mabegani. Nikamsikia kupitia dirisha akimwambia mukwe wake.

"Iko binti. Anapumua muzuri."

"Asante, mama."

"Masikio ni yako. Tutamufunga kitambaa, yasionekane."