Pembe ya Mgeni

Nyinyi mnaokwenda kucheza dansi ufukweni Kipini mnauita ule ukumbi Pembe ya Mgeni, na mgeni mwenyewe hamumjui. Mimi namjua, nilimshika mkono. Chekeni mkitaka, lakini niliyaona kwa macho yangu haya, kweupe, baada ya alasiri.

Miaka ya hamsini hapakuwa na ukumbi. Palikuwa na kiwanja tu, na vikundi viwili vya wanawake tukikigombania: sisi wa Kipini na wenzetu wa Kau. Wakubwa wa mji wakachoka na kelele zetu. Wakasema tushindane kwa vugo, ile ngoma ya harusi ya kugonga pembe za nyati kwa vijiti. Watakaoshinda wachukue kiwanja, wengine wasikikanyage tena. Siku yenyewe, mama yangu mkubwa, kiongozi wetu, akaamka na homa. Nikaachiwa safu mimi, na mkono wangu ulikuwa mzito kama mchi. Niliogopa, siwafichi.

Kau walipoanza, nikajua tumekwisha. Ndipo nikamwona mwanamke wa buibui akitokea upande wa maji, pembe moja mkononi. Akaenda kwao kwanza. Kwetu mtu hapigi vugo mpaka ijulikane katoka nyumba gani, nao wakamuuliza.

"Weye mwana wa nani?"

Akageuza uso kutazama maji. Wakamfukuza, akaja kwangu.

"Mwanangu, nipe nafasi."

Na mimi nimuulize? Nilikuwa na nini cha kuringia?

"Ndoo, mama. Njoo usimame hapa kati."

Niaminini: alipogonga mara ya kwanza, mkono wangu ukawa mwepesi. Pembe zetu zote zikalia kwa sauti moja. Kau wakagonga zao, zisitoe hata mlio. Kiwanja kikawa chetu, na furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu.

Nikamnyunyizia marashi, heshima ya mgeni. Buibui lake likabaki kavu, ukalowa mkeka ulio nyuma yake. Nikamshika mkono, wa baridi. Akanipa pembe, akarudi majini, na kwenye mchanga mbichi hakuacha unyayo hata mmoja.

Ndiyo pembe ile iliyotundikwa mlangoni mwa ukumbi uliojengwa baadaye pale kiwanjani. Kiganja changu kina baridi mpaka leo, na kwa vugo hajanishinda mtu. Basi mkiwa pale, akaja msiyemjua kuomba nafasi, mpisheni. Msimuulize kwao. Kau walimuuliza, na hadi leo hawana pa kuchezea.