Nilishika jembe msibani kwa mke wangu, nikidhani ndilo fundisho la Buddha

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe huku Karagwe, na sitajipamba.

Mimi ni mkulima wa Kiruruma, darasa la saba, Mlutheri. Mwaka huu nimefiwa na mke wangu.

Alipolazwa, nilikuwa nakaa kwenye benchi nje ya wodi nasoma simu. Nikakutana na mafundisho ya Buddha. Dini sikubadili, ila yalinisaidia. Nilijifunza kutulia, kufuata pumzi ikiingia na kutoka, nisiitangulie kesho. Nikaweza kumlisha mgonjwa bila haraka.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakuna kinachodumu, na tunaumia kwa sababu tunang'ang'ania.

Hapo ndipo nilipopotea.

Alipofariki sikulia. Watu wakasema nimejikaza. Moyoni nikajiona nimeelewa jambo ambalo wenzangu hawalijui. Naona aibu hata kuandika.

Kwetu, wafiwa wakiwa bado wanalala kwenye nyasi zinazotandikwa sebuleni wakati wa matanga, jembe haliguswi. Hata jirani halimi. Mimi asubuhi baada ya mazishi nikachukua jembe, nikaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikaanza kupalilia. Nikajiambia yaliyopita yamepita.

Waombolezaji wakasikia. Jirani mmoja akaropoka, "Huyu kafiwa au kapata kibarua?" Wakacheka, kisha wakaanza kupisha njia.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kimuli kumzika mwanaye, alikuwa ametoka nje. Kwa mila zetu mtu hatazamani na mama mkwe, hivyo alisema akiwa amenipa mgongo:

"Baki na shamba lako. Mwanangu nitamlilia kwangu."

Akapanda bodaboda, matanga hayajaisha.

Wakuu, nilishindwa kurudi ndani kuwatazama watu.

Nikayasoma tena yale mafundisho, safari hii taratibu. Kumbe jambo la kwanza kabisa ni kukubali kwamba maumivu yapo. Kuachilia kunakuja baadaye. Mimi nilirukia mwisho kwa kuogopa kuumia, nikauita woga wangu hekima. Na habari ya kumhurumia anayeumia, iliyojaa kila ukurasa, niliipita kama tangazo.

Jumapili nikaenda Kimuli. Nikakaa nje, chini ya dirisha lake.

"Shikamoo mama."

Nikasikia kiti kikisogezwa ndani.

"Marahaba. Palizi imeisha?"

Nikaanza kumweleza ya Buddha. Akanikatiza, "Huyo mwalimu wako hakuwahi kufiwa?"

Nikasema tu, "Mama, nguo zake bado ziko kwenye kamba. Siwezi kuzianua."

Nikamsikia analia ndani. Na mimi nikalia, kwa sauti, mtu mzima, wapita njia wakiniona. Ukuta ulikuwa kati yetu.

Hakusema amenisamehe. Baadaye sana akasema, "Usiondoke. Ndizi ziko jikoni."

Bado nafuata pumzi kila asubuhi. Machozi yakija, nayaacha yaje. Ninachojua sasa ni kwamba fundisho likikufanya umwache mfiwa mwenzako peke yake, umelisoma vibaya.

Wanaoyajua haya kuliko mimi, nirekebisheni. Na kama nawe uliwahi kuukimbia msiba wako, andika hapa chini. Sitakucheka.